Fosforasi Tele Ardhini, Mboga Zenye Njaa: Uchambuzi wa Kisa cha Bustani Moja ya Vihiga

Katika Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ambako sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, bustani iliyo nyuma ya nyumba hubeba mzigo mkubwa kuliko eneo lake: ndiyo inayoipa kaya mboga za kila siku, na ziada yake ikiuzwa sokoni ndiyo inayonunua sabuni na unga. Bustani inayochambuliwa hapa ina takriban mita kumi kwa kumi. Iko kwenye mteremko mdogo, udongo wake ni mwekundu, wenye kina, unaolimika kwa urahisi na kupitisha maji vizuri, na mvua haikosekani katika misimu miwili ya mwaka. Mwenye bustani, mama aliyeilima kwa miaka mingi, hupanda sukuma wiki katika sehemu kubwa, kisha mnavu, kunde na mchicha katika matuta ya pembeni, na safu chache za mahindi karibu na ua wa alizeti pori unaolizunguka boma.

Malalamiko yake yalikuwa kwamba jitihada zinaongezeka na mavuno hayaongezeki. Kila msimu aliweka samadi ya ng'ombe wake, akanyunyiza DAP (mbolea ya dukani yenye nitrojeni na fosforasi) na kumwaga majivu ya jikoni. Katika msimu uliotangulia uchambuzi huu alishauriwa na mtu mmoja anunue chokaa ya kilimo, na mwingine akamshauri anunue mbolea ya Minjingu, yaani mwamba wa fosfeti uliosagwa. Akanunua zote mbili, akazichanganya na udongo wa nusu ya juu ya bustani kwa siku moja, kwa kuwa fedha haikutosha bustani nzima. Miche ya sukuma wiki ilishika, kisha ikadumaa katika nusu zote mbili: majani madogo, ya kijani kilichokolea kupita kawaida, yenye rangi ya zambarau upande wa chini kuanzia majani ya zamani. Mahindi machanga yalionyesha zambarau hiyo hiyo kwenye kingo. Kunde zilizokuwa kwenye tuta la jirani, katika udongo uleule, zilikuwa na afya ya wastani. Tofauti hiyo kati ya kunde na sukuma wiki inabeba sehemu kubwa ya jibu, na itaelezwa kwa urefu hapa chini.

Zambarau peke yake haitoshi kutolea hukumu kwamba mmea umekosa fosforasi. Mmea unaokosa fosforasi huendelea kutengeneza sukari kwenye jani lakini hushindwa kuitumia kukua, na sukari hiyo ikirundikana jani hutengeneza rangi ya zambarau. Lakini baridi, maji yaliyotuama, mizizi iliyoshambuliwa na minyoo fundo au iliyokatwa kwa jembe wakati wa palizi huleta dalili zinazofanana na hizo, na zipo mbegu za sukuma wiki ambazo zambarau ndiyo rangi yao ya asili. Hatua ya kwanza ikawa kung'oa mimea michache pamoja na udongo wake na kuiosha taratibu. Mizizi haikuwa na vifundo wala uozo. Ilikuwa mifupi, minene na yenye matawi machache, hali inayoashiria kuwepo kwa aluminiamu iliyoyeyuka katika maji ya udongo. Majani ya zamani hayakuwa ya manjano, kwa hiyo nitrojeni haikuwa mshukiwa wa kwanza.

Hatua ya pili ilikuwa kupeleka udongo maabara, na hapa ndipo kisa kilipoanza kuwa na mafunzo ambayo sikuyatarajia katika bustani ndogo kiasi hiki. Sampuli zilichukuliwa kwa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu nyingi, zikachanganywa katika ndoo ya plastiki, nusu ya juu mbali na nusu ya chini. Nusu ya chini ilikuwa na pH (kipimo cha uchachu, ambapo namba ndogo ni uchachu mwingi) iliyo chini ya 5.5, na fosforasi inayopatikana ikaangukia daraja la chini kabisa. Nusu ya juu, iliyopata chokaa na Minjingu, ilikuwa na pH iliyokaribia 6.5, na fosforasi yake ikasomeka kuwa ya kutosha. Yaani kwa mujibu wa karatasi ya maabara nusu ya juu haikuwa na tatizo, ilhali sukuma wiki zilizosimama juu yake zilikuwa na njaa sawa na zile za chini.

Maabara haikukosea kupima. Kipimo kilichotumika ni cha Mehlich 3, ambacho huosha udongo kwa mchanganyiko wenye asidi. Udongo ukiwa na chembe za mwamba wa fosfeti ambazo bado hazijayeyuka, asidi hiyo ya maabara huziyeyusha ndani ya chupa na kuzihesabu kuwa chakula cha mmea, ingawa shambani hakuna asidi ya nguvu hiyo. Kipimo cha Bray nacho kina udhaifu huohuo. Yeyote anayetumia mbolea ya Minjingu au unga wa mifupa anapaswa kuieleza maabara kabla udongo haujapimwa, na kuomba kipimo kisichotumia asidi, kama kile cha Olsen. Bila hivyo atasomewa utajiri ambao mimea yake haiwezi kuugusa.

Ili kuelewa kwa nini mimea ilikuwa na njaa, ni vyema kwanza kukadiria kilichomo. Mita 100 za mraba zenye kina cha sentimita 20 ni mita 20 za ujazo za udongo, ambazo kwa udongo mwekundu wa aina hii zina uzito wa takriban tani 22. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya mara nyingi huwa na miligramu mia kadhaa za fosforasi yote kwa kila kilo. Tukichukua miligramu 600 kwa ajili ya hesabu, bustani hii ina kilo 13 za fosforasi katika tabaka hilo la juu pekee. Sasa tutazame matumizi. Majani mabichi ya sukuma wiki yana takriban gramu 0.6 za fosforasi kwa kilo. Bustani ikitoa kilo 300 za majani kwa mwaka, inapoteza gramu 180 tu. Kwa hesabu hiyo kilichomo kingetosha miaka zaidi ya 70.

Mzizi, hata hivyo, haunywi fosforasi iliyoshikamana na udongo, bali ile iliyoyeyuka katika maji yake. Mita 20 za ujazo za udongo uliolowa vizuri zinashika lita 6,000 hivi za maji. Mazao mengi hukua vyema maji hayo yakiwa na miligramu 0.2 za fosforasi kwa lita, ambayo kwa bustani nzima ni zaidi kidogo ya gramu moja. Katika udongo wenye njaa kiwango hushuka hadi sehemu ya kumi ya hapo au chini zaidi, yaani gramu 0.12 kwa bustani nzima kwa wakati wowote mmoja. Ili mboga zipate gramu 180 kwa mwaka, kiasi hicho kidogo lazima kichukuliwe na kujazwa upya zaidi ya mara elfu moja. Kwa hiyo swali la bustani hii ni swali la kasi: ni upesi gani udongo unaachia fosforasi mpya kila mizizi inapoiondoa ile iliyoyeyuka. Inafanana na hisa za mwanachama wa sacco, ambazo zinaweza kuwa nyingi kwenye daftari na bado asiweze kuzitoa siku anayodaiwa karo.

Kinachozuia ni uso wa chembe za udongo wenyewe. Wekundu wake hutokana na oksidi za chuma, na pamoja nazo zimo oksidi za aluminiamu, masalia ya miamba iliyooshwa na mvua kwa muda mrefu sana mpaka madini mepesi kuyeyuka yakaondoka. Oksidi hizo zina eneo kubwa mno la uso kwa kila gramu, na fosfeti, yaani umbo la fosforasi lililo katika maji ya udongo, ikizigusa hung'oa molekuli za maji zilizokuwa hapo na kujifunga moja kwa moja kwenye atomu ya chuma au ya aluminiamu. Kifungo hicho ni kigumu tangu siku ya kwanza, na kadiri wiki na miezi inavyopita fosfeti huzama ndani ya chembe ambako mizizi haiifikii kabisa. Udongo unapokuwa na uchachu mwingi, aluminiamu huyeyuka na kuongeza madhara mawili kwa pamoja: hunasa fosfeti iliyo majini, na huunguza ncha za mizizi zilizopaswa kuitafuta.

Fosfeti pia ni mzito wa safari. Nitrojeni ya aina ya naitreti husafiri na maji na kuufuata mzizi, lakini fosfeti hutambaa milimita chache tu katika msimu mzima. Mzizi humaliza haraka ile iliyo karibu nao, na baada ya hapo umezungukwa na ukanda mwembamba uliokauka fosforasi, hata kama sentimita moja kutoka hapo iko nyingi. Mmea una njia mbili za kuondokana na hali hiyo: kuendelea kuotesha mizizi mipya yenye vinyweleo vingi, au kushirikiana na kuvu za mizizi ziitwazo maikoriza, ambazo nyuzi zake nyembamba kuliko unywele hupenya sentimita kadhaa nje ya ukanda ule na kurudisha fosforasi kwa mmea, zikilipwa kwa sukari.

Hapa ndipo tofauti ya kunde na sukuma wiki inapofumbuka. Kunde, kama sehemu kubwa ya jamii yake ya mikunde, hushirikiana vizuri na maikoriza. Vivyo hivyo mahindi, vitunguu, nyanya na mnavu. Sukuma wiki, kabichi na ndugu zao wote hawashirikiani nazo, na jamii ya mchicha kwa kawaida vilevile. Mboga inayopendwa kuliko zote katika bustani za Kenya inategemea mizizi yake peke yake katika udongo ambao aluminiamu inaiunguza mizizi hiyo. Mahindi machanga nayo yalikuwa na zambarau kwa sababu ushirika na kuvu huchukua muda kujengeka, na katika majuma ya kwanza mche wa mahindi huishi kwa akiba ya mbegu na mizizi michache. Yalipokua, zambarau ilipungua. Jambo hili lina uzito wa vitendo. Ushauri wa kupaka miche kuvu zinazouzwa kwenye pakiti hauna maana yoyote kwa sukuma wiki, hata pakiti iwe na kuvu bora kiasi gani.

Baada ya kueleza udongo na mmea, tunaweza kuzitazama kwa haki zile juhudi ambazo hazikuzaa matunda. Samadi ilikuwa ya ng'ombe mmoja anayelishwa nepia iliyokatwa kwenye mipaka ya shamba lilelile. Ng'ombe haumbi fosforasi. Nepia iliyoota kwenye udongo wenye njaa hutoa samadi yenye njaa, na samadi hiyo ikikaa nje kwenye mvua kwa miezi hupungukiwa zaidi. Samadi yake haikuwa bure, kwani ililisha vijidudu na kuufanya udongo kuwa mwepesi, lakini ilikuwa inazungusha upungufu uleule. Samadi ya kuku wanaokula chakula cha kununua ni jambo tofauti, kwa sababu fosforasi yake imetoka nje ya shamba.

DAP ilikuwa na fosforasi ya kutosha, asilimia 20 ya uzito wake ukiihesabu kama fosforasi tupu, ila ilinyunyizwa juu ya bustani yote na kuchanganywa kwa jembe. Hiyo ndiyo njia iliyo hakika kuliko zote ya kuikutanisha kila punje na eneo kubwa kabisa la oksidi. Amonia iliyomo ndani ya DAP nayo, inapogeuzwa kuwa naitreti na vijidudu, huacha uchachu, na matumizi ya miaka mingi bila chokaa huishusha pH taratibu. Majivu yalisaidia kidogo, kwani yana kalsiamu, potasiamu na fosforasi kiasi, lakini yalimwagwa karibu na mlango wa jikoni kila mara, na kona hiyo peke yake ndiyo iliyokuwa na mboga nzuri.

Chokaa na Minjingu zinahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu kila ushauri kati ya ile miwili ulikuwa sahihi. Minjingu ni mwamba wa fosfeti unaochimbwa kaskazini mwa Tanzania karibu na Ziwa Manyara, mahali palipokuwa chini ya ziwa la kale, na chanzo chake ni vinyesi na mifupa ya ndege wa majini. Una takriban asilimia 13 ya fosforasi, na tofauti na mwamba wa Busumbu wa mashariki mwa Uganda, ambao asili yake ni volkeno na huyeyuka kwa shida, Minjingu huyeyuka vizuri ukikutana na udongo wenye uchachu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, na taasisi za Kenya walioshirikiana nao eneo la Maseno na wilaya za jirani walionyesha kwamba dozi kubwa ya mara moja, hadi kilo 250 za fosforasi kwa hekta, huendelea kunufaisha mahindi kwa misimu mingi. Kwa bustani ya mita 100 za mraba hiyo ni kama kilo 19 za Minjingu.

Ila mwamba huu huyeyuka kwa masharti: unahitaji asidi ya kuushambulia, na unahitaji kalsiamu iwe chache katika maji ya udongo ili kalsiamu inayotoka kwenye mwamba ipate pa kwenda. Chokaa huondoa asidi na kuleta kalsiamu nyingi, yaani huondoa masharti yote mawili kwa siku moja. Chokaa ilifanya kazi yake, ikaituliza aluminiamu. Minjingu ikabaki kama mchanga mzuri wa kijivu, ikaisubiri asidi iliyokwisha kuondolewa, na maabara ikaihesabu kuwa chakula. Washauri wale wawili hawakukutana, na hakuna aliyemuuliza mama huyo ameshauriwa nini na mwenzake. Ninaliandika jambo hili kwa masikitiko ya kweli, kwa sababu fedha iliyotumika ilikuwa ya mboga zilizouzwa fungu kwa fungu.

Mpango uliofuata ulikataa wazo la kuufungua udongo wote. Tani 22 za udongo wenye oksidi haziwezi kushibishwa wala kufunguliwa kwa kipato cha kaya hii, wala hakuna haja. Sukuma wiki yenye nafasi ya sentimita 60 kwa 45 inatumia kwa dhati sehemu ndogo tu ya udongo huo katika mwezi wake wa kwanza, mwezi ambao huamua ukubwa wake. Lengo likawa kutengeneza mistari michache yenye hali nzuri, na kuiacha nafasi ya kati kama ilivyo.

Katika nusu ya chini, ambayo haikuwa na chokaa, mifereji ya kina cha koleo moja ilichimbwa kwa nafasi ya sentimita 60. Matawi laini na majani mabichi ya alizeti pori yalikatwa kutoka kwenye ua, yakakatwakatwa, yakajazwa mferejini na kufunikwa udongo. Mmea huu uliotoka Mexico na Amerika ya Kati umeenea kando ya njia zote za magharibi mwa Kenya, na majani yake yakikaushwa yana takriban asilimia 3.5 ya nitrojeni, 0.37 ya fosforasi na 4.1 ya potasiamu. Tarakimu ya kati ndiyo ya kuzingatia. Majani yakiwa na fosforasi iliyo chini ya asilimia 0.25 hivi, vijidudu vinavyoyaozesha huichukua yote kwa ajili ya miili yao na hata kukopa kutoka udongoni. Yakizidi kiwango hicho, huachia. Mabua ya mahindi yako chini sana ya mstari huo, na ndiyo maana kuyafukia mabichi kabla ya kupanda mboga huziongezea njaa.

Kazi ya alizeti pori haiishii kwenye fosforasi yake yenyewe. Yanapooza, majani hutoa asidi za kikaboni kama ile iliyomo kwenye ndimu, ambazo hukaa kwenye nyuso zilezile za oksidi na kuziziba, hivyo fosfeti inayopita hapo haipati pa kujifunga. Asidi hizo pia huikamata aluminiamu na kuipunguzia sumu. Zaidi ya hapo, fosforasi iliyo ndani ya miili ya vijidudu imekingwa dhidi ya oksidi, na hutoka kidogo kidogo vinapokufa na kuzaliwa vingine. Manufaa ya asidi hizo ni ya majuma machache, si ya mwaka, kwa hiyo muda ni muhimu: miche ilihamishiwa kwenye mistari hiyo takriban majuma mawili baada ya kufukia, majani yakiwa yamelainika na joto la kuoza limepungua.

Chini ya kila mche, pembeni kidogo ili mizizi isiungue, iliwekwa DAP inayokadiriwa kuwa nusu ya kifuniko cha chupa ya soda, yaani gramu mbili hadi tatu, bila kuchanganywa na udongo wa mbali. Bustani nzima ya mita 100 za mraba ikipandwa kwa nafasi hiyo ina mashimo yapatayo 370, na jumla ya mbolea haifiki kilo moja na robo. Tarakimu hiyo ni ndogo kuliko alichokuwa akitumia kwa kunyunyiza, lakini inarudisha fosforasi ambayo mboga za mwaka zinaiondoa. Kuna wanaoona kuwa kutumia mbolea ya dukani ni kushindwa kwa kilimo hai. Nawaheshimu, na mwenye msimamo huo anaweza kuweka kiganja cha mifupa iliyochomwa na kusagwa katika shimo lenye udongo mchachu, kwani mifupa ina fosforasi zaidi ya asilimia 10 ikiwa katika umbo linaloyeyushwa na asidi. Lakini fosforasi inayotoka sokoni pamoja na mboga lazima irudi kutoka mahali fulani, na hakuna mbinu ya kufungua udongo inayofuta hesabu hiyo.

Nusu ya juu ilihitaji uvumilivu. Kuongeza chokaa kulikatazwa, na majivu yakaelekezwa nusu ya chini, yakitawanywa kwa wepesi nafasi ya katikati ya mistari. Mahali pa sukuma wiki palipandwa kunde na mbaazi. Uchaguzi wa mbaazi una sababu yake: mwaka 1990 watafiti wa ICRISAT, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mazao ya maeneo makavu, nchini India walieleza kwamba mizizi ya mbaazi hutoa asidi inayoikamata chuma na kuiachia fosfeti iliyofungwa nayo, fosfeti ambayo mazao mengine huishindwa. Mikunde inayojitafutia nitrojeni kutoka hewani huacha pia uchachu karibu na mizizi yake, na uchachu huo mdogo, mahali hasa ambapo mzizi upo, ndio uliohitajika kuanza kuiyeyusha Minjingu iliyolala. Majani ya mbaazi yanayodondoka huirudisha juu ya udongo fosforasi hiyo ikiwa katika umbo la kikaboni.

Palitengwa pia mistari miwili isiyopewa chochote ila samadi ya kawaida, na mstari mmoja uliopewa alizeti pori bila DAP. Mama mwenye bustani alisita kuipoteza mistari hiyo, nami namwelewa, lakini bila mistari hiyo hakuna ambacho kingeweza kusemwa kwa uhakika. Sukuma wiki za mistari kamili, yenye alizeti pori na DAP, zilifunga majani makubwa na zambarau ikatoweka kwenye majani mapya. Za mistari ya samadi peke yake zilibaki zilivyokuwa. Mstari wa alizeti pori bila DAP ulikuwa katikati, ukikaribia zaidi ile mizuri. Mtu asiharakishe kusema kwamba hiyo ni kazi ya fosforasi tu. Alizeti pori imejaa nitrojeni na potasiamu, na mboga za majani hupenda zote mbili. Kinachothibitisha sehemu ya fosforasi ni kupotea kwa zambarau na mizizi iliyong'olewa mwishoni, mirefu na yenye matawi, iliyojaa ndani ya mfereji na kukoma ghafla ilipofika kwenye udongo usioguswa.

Kuna mipaka miwili ambayo bustani hii imeionyesha waziwazi. Wa kwanza ni jasho. Kiwango kilichotumika katika majaribio mengi ya magharibi mwa Kenya ni tani tano za majani makavu ya alizeti pori kwa hekta, ambazo kwa mita 100 za mraba ni kilo 50 kavu, na kwa kuwa majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, hizo ni karibu kilo 250 za kubeba. Kuzirundika kwenye mistari peke yake kulipunguza mzigo hadi theluthi hivi, na bado zilikuwa safari nyingi za toroli. Kwa sukuma wiki na nyanya kazi hiyo inalipa. Kwa mahindi ya bei ya chini mimi nisingemshauri mtu aifanye.

Mpaka wa pili ni ua wenyewe. Gramu zilizotoka kwenye majani hayo zilivutwa na mizizi ya alizeti pori kutoka udongo wa mpakani na wa kando ya njia, na ukikatwa msimu baada ya msimu bila kurudishiwa kitu, ua nao utadhoofika. Mama huyu sasa humwaga maji ya kuoshea banda la kuku kwenye shina za ua huo, na maganda ya ndizi pamoja na mifupa ya jikoni huzikwa hapohapo. Kuhusu chupa za bakteria wanaodaiwa kuyeyusha fosfeti, aliuliza kama anunue. Bakteria wa namna hiyo wapo kweli na katika maabara huyeyusha, lakini shambani matokeo yao hubadilikabadilika mno, na udongo uliofukiwa majani mabichi huwazalisha wa kwake wenyewe bila malipo. Fedha ya chupa ilinunua koleo jipya.

Nusu ya juu haijarudi kwenye sukuma wiki. Mbaazi zake zimesimama kufikia kiuno, na udongo wake utapimwa tena kwa kipimo cha Olsen baada ya mbaazi kuvunwa, sampuli zikichukuliwa kwenye matuta yaleyale na kwa kina kilekile cha sentimita 20. pH ikiwa imeshuka kuelekea 5.5, alizeti pori itafukiwa huko pia na sukuma wiki zitapandwa, bila DAP katika mistari ya kwanza, ili ionekane Minjingu iliyokwisha kulipiwa inatoa kiasi gani.